Upande wa Pili wa Magunia

Gunia la mahindi halibebwi na mtu mmoja. Baba alinifundisha hilo kabla sijaanza shule. Alikuwa hamali kwenye magodauni ya Shimanzi, Mombasa, na kila jioni alirudi Kisauni mabega yamechubuka kwa katani. Gunia ni kilo 90, alikuwa akisema. Wawili wanakutwisha, wa tatu ndiye wewe unayebeba. Ukilitwaa peke yako, mgongo utakuja kukudai uzeeni.

Maneno hayo hunijia kila ninapoiangalia Zulu, ile picha ya vita ya mwaka 1964, kwa sababu kwangu mimi ni picha ya magunia ya mahindi. Wengine watakwambia ni ya mikuki na bunduki, ya makoti mekundu, ya kikosi cha Uingereza cha watu kama 150 kilichozingirwa na maelfu ya Wazulu pale Rorke's Drift, kusini mwa Afrika, mwaka 1879. Ni kweli yote. Lakini kinachowatenga walio ndani na walio nje, tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho, ni ukuta wa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti uliopangwa kwa haraka mchana mmoja wa Januari. Mahali ulipo kwa ukuta ule ndipo moyo wako unapokaa. Mimi nilikaa ndani miaka mingi sana.

Niliiona mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 90, kwenye kibanda cha vidio mtaani kwetu. Kuta za mabati, paa la makuti, televisheni moja juu ya meza ndefu, mabenchi ya wakubwa nyuma na mkeka wa watoto mbele. Ilikuwa Jumapili. Picha ya Kihindi ilipokwisha, mwenye kibanda akatia mkanda wa vita, na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akawa anatutafsiria kwa sauti, akikatiza kila mara kutueleza stelingi ni nani. Stelingi walikuwa wawili: Chard, mhandisi wa jeshi aliyekuja mtoni kujenga daraja, na Bromhead, afisa kijana wa ukoo mkubwa. Tulijua kanuni ya vidio, kwamba stelingi hafi. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kukaa nao nyuma ya magunia mpaka asubuhi.

Kinachonijia wazi zaidi ni sauti. Kabla hujawaona Wazulu, unawasikia. Askari wamesimama kwenye ukuta, jua kali, hakuna kitu kwenye vilima, kisha unakuja mdundo wa mbali, mzito, wa kwenda sawasawa. Bromhead anasema unafanana na garimoshi. Sisi watoto tuliozoea kusikia treni ya mizigo ikitoka Changamwe tuligeuka tukatazamana. Ni mikuki inayogongwa kwenye ngao, maelfu kwa pamoja. Halafu mstari mweusi unaota juu ya kilima, unarefuka kulia na kushoto mpaka unaijaza skrini yote, na kule kibandani hakuna aliyetafuna njugu tena.

Tuliwashangilia makoti mekundu. Watoto wa Kisauni, weusi, pekupeku, tulipiga makofi kila Mzulu alipoanguka. Siwalaumu watoto wale. Kamera ilikuwa imetuweka ndani, na mtu aliye ndani huomba ukuta usianguke.

Na niseme wazi: naipenda picha hii mpaka leo. Iliongozwa na Cy Endfield, Mmarekani aliyehamia Uingereza baada ya kuwekwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya kazi Hollywood enzi za kuwasaka wakomunisti. Stanley Baker, anayecheza Chard, ndiye pia aliyehangaika kuitengeneza pamoja naye. Michael Caine, anayecheza Bromhead, alikuwa bado hajulikani. Alikwenda kujaribiwa kwa nafasi ya askari Hook, akatoka na ya afisa. Walipiga picha chini ya Drakensberg, kwenye ule ukuta wa mawe uitwao Amphitheatre, si penyewe Rorke's Drift, ambako kilima cha Shiyane ni kifupi na cha kawaida. Kwa mtu wa pwani kama mimi, ile milima peke yake inatosha kukufanya ujihisi mdogo. Na Endfield hana haraka. Anakuachia usubiri pamoja na askari, uone mikono inayopanga masanduku, mpishi anayemwaga supu yake, mgonjwa anayegombana na daktari. Waongozaji wengi wa leo wasingethubutu kukufanya usubiri namna ile.

Kuna sehemu moja ambayo kila nikiifikia natulia. Vita vimekwisha, kumepambazuka, na sajini mkuu Bourne anasimama na kitabu chake kuita majina. Anaita, anasubiri, anaandika. Jina likikosa mwenyewe, kinapita kimya kidogo, kisha linafuata jingine. Kuna askari anayeitwa Hitch haitikii, na sajini anamwambia kwamba amemwona, yu hai. Ni jambo dogo mno, mtu anaambiwa tu kwamba ameonekana na anahesabiwa. Bourne wa kweli alikuwa kijana wa miaka 24, si mtu wa makamo kama wa kwenye picha, na aliishi mpaka tarehe 8 Mei 1945, siku ileile vita vikuu vya pili vilipokwisha Ulaya.

Nilikuwa nimeitazama sehemu hiyo labda mara kumi kabla sijaona kwamba upande wa pili wa magunia, palepale, wamelala mamia ya watu ambao hakuna anayewaita.

Aliyenifungua macho ni baba. Mwaka juzi, mgongo ukiwa umeshaanza kumdai kama alivyotabiri, nilikwenda kukaa naye wiki mbili, na jioni moja nikamwekea picha ile kwenye televisheni. Nilitaka aone magunia. Na kweli aliyaona. Aliinama mbele, akafuatilia jinsi yanavyobebwa, akatikisa kichwa kila mtu mmoja alipolinyanyua moja. Nilimweleza kwamba magunia ya siku ile yalikuwa ya ratili 200, ndiyo kilo 90 zake hasa, na kwamba wazo la kujenga ukuta lilitoka kwa mtu wa stoo, James Dalton, askari mstaafu aliyekuwa akisimamia chakula. Hilo lilimfurahisha. "Mtu wa stoo anajua uzito wa mali yake," alisema.

Kisha Wazulu wakatokea kilimani, na baba akauliza swali ambalo hakuna mtu kibandani aliyewahi kuliuliza.

"Hawa wa nje wana kisa gani na hawa wa ndani?"

Sikuwa na jibu. Picha yenyewe haina. Inaanza na uwanja uliojaa maiti za Waingereza, na sauti ya Richard Burton ikisoma taarifa ya kushindwa kwa jeshi la Malkia. Halafu inakwenda kwenye ngoma ya harusi mbele ya mfalme, halafu kituoni. Katikati, askari mmoja mdogo anamuuliza Bourne kwa nini iwe wao, na anajibiwa kwamba ni kwa sababu wao ndio waliopo hapa. Jibu hilo watu wamelisifu sana, na kwa askari wa chini ni kweli tupu. Lakini baba alikuwa hamuulizi askari wa chini. Alitaka kujua nani aliwaleta.

Nikaanza kutafuta, na nilipopata jina la mtu huyo nilikaa kitako. Lilikuwa jina la mtaa wetu.

Ukitoka Nyali kuelekea Kisauni unapita njia panda ambayo makanga wote wanaiita Kengeleni. Pana mnara mdogo wa matao, na ndani yake kengele. Hiyo ndiyo kengele ya Frere Town, makazi waliyoyaanzisha wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini, pamoja na Waafrika waliokuwa wamelelewa Bara Hindi na kurudishwa huku. Kengele ilipigwa kuwatahadharisha watu wa mle kwamba kuna hatari inakuja. Nimepita pale maelfu ya mara, kwenda shule, kwenda sokoni, kumzika bibi. Wajukuu na vitukuu vya waliokombolewa wako mpaka leo. Nimesoma nao, nimecheza nao kandanda.

Jina Frere Town linatokana na Sir Bartle Frere. Ndiye aliyetumwa na Uingereza kwenda Unguja mapema mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Barghash alikataa kwanza. Frere akaondoka, vitisho vya manowari vikafuata, na tarehe 5 Juni mkataba ukatiwa saini, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa sisi wa pwani, hilo ndilo jina lake. Mkombozi.

Miaka minne baadaye, mtu huyohuyo alipelekwa Cape awe mwakilishi mkuu wa Malkia kusini mwa Afrika. Kazi yake ilikuwa kuziunganisha nchi zote za huko chini ya bendera moja, na ufalme wa Wazulu, wenye mfalme wake, jeshi lake na ng'ombe wake, ulisimama njiani. Kulikuwa na ugomvi wa ardhi kati ya Wazulu na Makaburu. Tume ikaundwa, na mwaka 1878 ikaona kwamba haki iko kwa Wazulu. Frere alikaa na ripoti hiyo kwa miezi. Tarehe 11 Desemba 1878, chini ya mkuyu kando ya mto Thukela, wajumbe wa Mfalme Cetshwayo waliitwa kusomewa uamuzi. Asubuhi walisomewa habari njema ya mpaka. Mchana, baada ya kulishwa nyama, wakasomewa masharti: mfalme alivunje jeshi lake lote, akubali balozi wa Kiingereza wa kumsimamia, awaachie vijana waoe bila idhini yake. Siku 30.

Jeshi lile, amabutho, halikuwa jeshi la mshahara. Ni rika zima la wanaume, wa miaka fulani, walioitwa pamoja, wakamfanyia mfalme kazi pamoja, wakaruhusiwa kuoa pamoja. Kumwambia Cetshwayo alivunje ni kumwambia aivunje nchi. Frere alilijua hilo. Serikali ya London yenyewe ilikuwa haitaki vita wakati ule, na barua zilichukua wiki nyingi kufika, akautumia mwanya huo.

Tarehe 11 Januari 1879 muda ukaisha, na jeshi la Lord Chelmsford likavuka mto Mzinyathi kuingia nchi ya Wazulu. Likavukia wapi? Palepale Rorke's Drift. Hili ndilo lililonigeuza kabisa. Kituo kile ambacho nilikuwa nikikililia kisianguke kilikuwa mlango wa uvamizi. Nyumba ya mmisionari wa Kiswidi, Otto Witt, ilifanywa hospitali ya jeshi, kanisa lake likafanywa stoo. Na yale magunia ya kilo 90 yalikuwa posho ya wale waliovuka siku 11 kabla kwenda kuchoma maboma ya watu ng'ambo.

Nilimwambia baba hayo yote, na Frere Town yake ndani. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi kengele yetu na vita vyao vina baba mmoja." Sijui hata leo nilibebe vipi jambo hilo. Nina rafiki ambaye asingezaliwa kama meli ya watumwa iliyombeba babu wa babu yake isingekamatwa. Sitalifuta hilo. Na sitafuta mkuyu wa Thukela. Yote mawili ni ya mtu mmoja, na aliyafanya yote akiamini kwamba anajua yupi kati yetu anastahili kutawaliwa na nani.

Sasa tuwaangalie wale wa nje kwa karibu, maana picha haikuwapa nafasi.

Asubuhi ya 22 Januari 1879, jeshi kuu la Wazulu, watu kama 20,000, lilikuwa limejificha bondeni karibu na kilima cha Isandlwana. Makamanda wake walikuwa Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana. Chelmsford alikuwa amegawa jeshi lake, ametoka na nusu kabla ya alfajiri kuwatafuta Wazulu mahali walipokuwa hawapo. Kambi aliyoiacha ilizungukwa kwa mtindo wa pembe za ng'ombe: kifua kinakuja mbele, pembe mbili zinapita pembeni, mgongo unasubiri nyuma. Waliuawa zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza, mamia yao wakiwa Waafrika wa Natal, koloni la Waingereza ng'ambo ya mto, waliokuwa wameandikishwa. Mchana ule jua lilipatwa kidogo, na Wazulu wakaukumbuka kama siku ya mwezi uliokufa.

Waliokwenda Rorke's Drift ni ule mgongo, kikosi cha akiba. Kiasi cha watu 3,000 hadi 4,000, ambao wenzao walipopigana wao walikuwa wanazunguka kuziba njia ya kukimbilia. Vita vikaisha hawajamwaga jasho la vita. Wengi wao walikuwa wa rika la uThulwana, na hawa hawakuwa vijana: walikuwa wanaume wa miaka arobaini na kitu, wenye wake na watoto, wamevaa pete ya nta kichwani kama watu wazima wanavyovaa huko. Nilipolisoma hilo nilimwangalia baba. Alipokuwa na umri huo alikuwa yuko Shimanzi, gunia begani. Wale walikuwa watu wa umri wake, wamepita karibu kilomita 16 za vilima juani, chakula cha maana hawajakiona tangu jana yake.

Mfalme alikuwa amekataza wasivuke kuingia Natal. Alitaka ulimwengu uone kwamba yeye ndiye aliyevamiwa. Lakini mdogo wake, Dabulamanzi kaMpande, aliwaongoza kuvuka. Mto ulikuwa umejaa. Walishikana mikono wakafanya mnyororo, wakavushana, na walipofika ng'ambo, wengine walikaa chini wakanusa ugoro.

Huo ugoro ndio nisioweza kuusahau. Mzee wa uThulwana anatoa kidude chake, anabana kidogo kwa vidole, ananusa, anampa mwenzake, maji bado yanamchuruzika miguuni. Saa kumi na nusu jioni atakuwa anaukimbilia ukuta wa mahindi, na bunduki za Martini-Henry zinamwona vizuri.

Hata jina la mto lilinigusa. Mzinyathi: mtu yeyote anayejua Kiswahili anamsikia nyati mle ndani. Wazulu husema abantu, nasi watu. Husema inyama, nasi nyama. Husema indlovu, nasi ndovu. Nilikulia kibandani nikiamini wale ni kundi la wageni linalopiga kelele kilimani, kumbe ningetulia ningewaelewa nusu ya maneno.

Vita vilichukua karibu saa kumi. Picha imesema kweli mambo mengi: paa la nyasi la hospitali kushika moto, askari kutoboa ukuta chumba hadi chumba ili kuwatoa wagonjwa, ngome ndogo ya mwisho ya magunia iliyorundikwa katikati. Imesema uongo mengine. Hook, anayeonyeshwa kama mlevi na mvivu, alikuwa mtu mtulivu asiyegusa pombe. Ule wimbo wa Wales wanaojibizana nao Wazulu haukuimbwa, na kikosi kilikuwa na Waingereza wengi kuliko Wawelsi. Wazulu waliofyatua bunduki kutoka kilimani wanaonyeshwa wana bunduki zilizotekwa Isandlwana, lakini kikosi hiki hakikuwepo kwenye kuteka. Kilikuwa na magobori ya zamani.

Mle hospitalini alikuwemo Mwafrika mmoja, askari wa jeshi la Natal, amevunjika mguu. Hook alisimulia baadaye kwamba walishindwa kumtoa, na kwamba kupitia ukuta aliwasikia Wazulu wakimhoji kabla ya kumuua. Nimemfikiria sana mtu huyo. Alilala kwenye mkeka wa mtu mwingine, katika vita vya mtu mwingine, na waliomkuta waliongea naye lugha anayoielewa.

Asubuhi ya tarehe 23 Wazulu waliondoka, wamechoka, na jeshi la Chelmsford linakuja. Kwenye picha, kabla ya kuondoka, wanapanda kilimani na kuwaimbia askari kuwatukuza kwa ushujaa. Nililia kwa tukio lile nikiwa mtoto. Halikutokea. Kilichotokea ni kwamba askari waliobaki, na wale waliofika, waliuona uwanja umejaa majeruhi wa Kizulu waliochoka wasiweze kutambaa, wakawaua. Maiti 351 zilihesabiwa karibu na ukuta, na wengine wengi walipatikana mbali au hawakupatikana. Upande wa ndani walikufa 17.

Sikatai kwamba waliomo ndani walikuwa majasiri. Nimesimama kwenye ukuta ule mara nyingi mno moyoni kuweza kulikataa. Lakini nishani 11 za ushujaa, za Victoria Cross, zilizotolewa zilikuwa na kazi nyingine pia, nayo ni kuifunika Isandlwana. Hata Jenerali Wolseley, aliyekuja kuchukua nafasi ya Chelmsford, aliandika katika shajara yake kwamba ni jambo la kuchukiza kuwafanya mashujaa watu waliofungiwa ndani ya nyumba wasiweze kukimbia, wakapigana kama panya kuokoa roho zao. Ni maneno makali, na nadhani hayawatendei haki kina Hook. Yanamhusu zaidi aliyewaweka pale.

Na wale wa uThulwana? Walirudi nyumbani wakachekwa. Mtoto wa Kizulu aliyeyaona mambo hayo alikuja kusimulia jinsi watu walivyowazomea, kwamba wamekwenda kuchokoachokoa kwa mikuki yao nyumba ya Jimu, iliyokuwa haijawakosea kitu. Wazulu waliiita KwaJimu, kwa James Rorke, mfanyabiashara aliyeishi hapo zamani. Wenzao walishinda vita vikubwa kuliko vyote, wao wakavuka mto uliokatazwa wakafia kwenye mahindi.

Kuna jambo moja ambalo Endfield na Baker walilifanya vizuri, na sitaki nilipite. Mfalme Cetshwayo walimpa achezwe na Mangosuthu Buthelezi, chifu kijana wakati ule, ambaye mama yake, Binti Mfalme Magogo, alikuwa mjukuu wa Cetshwayo. Mtu anacheza babu wa mama yake, mbele ya kamera ya Waingereza, katikati ya utawala wa ubaguzi. Yuko dakika chache tu. Ukimtazama uso, haigizi. Na wale mamia waliokimbilia ukuta kwenye picha walikuwa Wazulu wa kweli, labda wengine wajukuu wa waliokuwa pale. Serikali ya makaburu haikuruhusu watu weusi waione picha hiyo kwenye sinema zao, isipokuwa maonyesho machache kwa walioshiriki. Walikufa mara ya pili mbele ya kamera na hawakuruhusiwa kukaa kwenye viti wakajitazama. Sisi kule Kisauni, kwenye mkeka, tuliwaona kwa niaba yao, na tukashangilia upande usio wao.

Cetshwayo alishindwa Ulundi tarehe 4 Julai 1879, akakamatwa, akapelekwa Cape, akafika London kumwona Malkia mwaka 1882, akarudishwa kwenye nchi iliyokatwa vipandevipande. Alikufa Februari 1884. Frere alikuwa ameshaitwa nyumbani kwa lawama. Alikufa Mei mwaka uleule.

Usiku ule na baba tuliiangalia mpaka mwisho. Ilipofika sehemu ya sajini na kitabu chake, baba alisema, "Hawa wanaitwa." Alisema hivyo tu. Nikasimamisha picha. Kwenye simu yangu nilikuwa nimeandika majina ya vikosi vinne vilivyovuka Mzinyathi siku ile, kwa kuwa majina ya watu wenyewe, moja moja, siyo niliyoyapata. Nikamsomea polepole, kama Bourne, nikingoja kidogo baada ya kila moja. uThulwana. uDloko. iNdlondlo. iNdluyengwe.

Baba alilirudia la mwisho, ulimi ukimkwama kwenye ile ndl. Akauliza maana yake.

"Indlu ni nyumba," nikamwambia. "Ingwe ni chui."

"Nyumba ya Chui," akasema. Akaniomba nianze tena kutoka la kwanza, naye aitikie.